Punda Akikaza Viungo: Tumtunze Vipi, na Kazi Iendelee?

(Hotuba ya idara ya maendeleo kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vyenye punda na mikokoteni. Tumeichapa karibu kama ilivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Tumewaita juu ya jambo moja tu. Vikundi vingi vinatuletea malalamiko, na maneno ni yale yale: "Punda wetu ameingia uvivu. Asubuhi hataki kutoka zizini. Tukimchapa anaenda, na ikifika saa nne anatembea vizuri kama wengine. Tufanye nini na mnyama mjeuri namna hii?" Sasa, sisi tunasema huyo mara nyingi hana ujeuri wowote. Ana ugonjwa wa viungo, ule ambao wazee wetu wakiupata tunauita baridi yabisi. Muulize nyanya yako anavyoamka asubuhi wakati wa baridi. Anajishika ukuta, anakwenda hatua mbili tatu akiguna, na baada ya chai anakwenda shamba. Hakuna anayemwita nyanya mvivu.

Mnaikumbuka ile habari ya Balaamu katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22. Alimpiga punda wake mara tatu akidhani ni ukaidi, kumbe mnyama ameona jambo ambalo bwana wake hakuliona. Punda wetu hawatapewa kinywa cha kusema kama yule. Itabidi tuwatazame miguu.

Na kuna methali yetu inayotuharibia kazi: punda afe, mzigo ufike. Pengine ilikuwa na maana wakati punda walipokuwa wengi na wa bei rahisi. Siku hizi mambo yamebadilika. Kuanzia mwaka 2016 vilifunguliwa vichinjio vya punda hapa Kenya, Naivasha na Mogotio na kwingine, kwa ajili ya ngozi inayopelekwa Uchina kutengenezea dawa. Punda walichinjwa, na wengi wakaibwa usiku mazizini. Baadhi yenu mlioko hapa mliamka mkakuta kamba tupu. Katika hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009 nchi ilikuwa na punda zaidi ya milioni 1.8, ile ya mwaka 2019 ilikuta karibu milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda katika bara zima. Hayo ni ya wakubwa. Kwetu sisi maana yake ni hii: kikundi kikimpoteza punda leo, kumpata mwingine si jambo la kuchanga Jumapili moja. Kwa hiyo huyu tuliye naye, mwenye magoti mabovu, ni mali.

Ugonjwa wenyewe ukoje? Mkichinja kuku mkavunja paja, mnaona pale mwisho wa mfupa kitu cheupe kinachoteleza, ambacho watoto hugombania kutafuna. Hilo ni gegedu. Kazi yake ni kuzuia mfupa usisuguane na mfupa, na katikati kuna ute wa kulainisha, kama vile grisi kwenye bearingi za mkokoteni. Kiungo kikitumika vibaya kwa miaka, gegedu linalika. Ute unapungua nguvu. Mfupa unaanza kujijenga vibaya pembeni, kiungo kinavimba na kuwa kigumu, na kila hatua inauma. Gegedu likishalika halirudi, na hilo tulisema wazi hapa ili mtu asije akawauzia dawa ya kuponya. Dawa ya kuponya haipo, hata kwa farasi wa matajiri kule Ulaya. Kinachowezekana ni kupunguza maumivu na kuzuia ugonjwa usikimbie. Na habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji pesa.

Sababu zake mnazijua hata kabla hatujazitaja. Punda anafungwa mkokoteni akiwa na miaka miwili, wakati mifupa yake haijakomaa. Inafaa angoje mpaka atimize kama miaka minne. Anazidishiwa mzigo. Anakimbizwa kwenye lami. Kwato zinaachwa zinarefuka kama viatu vya kuazima, na mguu wote unasimama upande. Anafungwa kamba miguu miwili ya mbele asiende mbali, kisha anaruka ruka hivyo siku nzima. Au aliumia zamani, akateguka, akarudishwa kazini baada ya siku tatu. Uzee nao upo, lakini punda akitunzwa anaweza kupita miaka thelathini. Wa kwetu wanazeeka wakiwa na kumi na mbili, na huo si uzee, ni kuchakazwa.

Sasa tuje kwenye kumtambua. Punda ni mnyama wa kuficha maumivu. Farasi akiumia utamwona anahangaika. Punda anasimama tu kimya, masikio yameshuka kidogo, na wewe unadhani ametulia. Kwa hiyo mtazameni akitoka zizini, kabla hajafungwa kitu. Anapiga hatua fupi? Anaburuta ncha ya kwato hata imelika mbele? Anageuka kwa shida upande mmoja? Mwendesheni kwa kamba iliyolegea kwenye ardhi ngumu tambarare, mtu mwingine asimame kando. Kama mguu wa mbele ndio unaouma, kichwa kitapanda juu anapoukanyagia, na kitashuka anapokanyagia ule mzima. Watu wengi hugeuza jambo hili na kushika mguu usio na kosa. Kama ni wa nyuma, tazameni nyonga: upande mmoja unapanda zaidi kuliko mwingine. Kisha pitisheni mkono polepole kwenye miguu yote miwili, kiungo kwa kiungo, mkilinganisha kushoto na kulia. Joto, uvimbe, au mahali anaposhtuka, hapo pana neno.

Lakini kabla hamjasema ni viungo, inueni kwato. Tunasisitiza hapa kwa sababu kuchechemea kwingi kunaanzia chini kabisa. Jiwe lililokwama, msumari, usaha ndani ya kwato. Usaha huja ghafla. Jana alikuwa mzima, leo hawezi hata kugusisha mguu chini, na kwato ina moto. Ugonjwa wa viungo haufanyi hivyo. Huo unakuja kwa miezi, ni mbaya zaidi asubuhi na baada ya kusimama sana, na unalegea akitembea. Na kama anasimama ameegemea nyuma, miguu ya mbele ameitanguliza kama mtu anayeogopa makaa, hataki kutembea kabisa, huo ni ugonjwa wa kwato ulio hatari. Asitembezwe; itwe msaada siku hiyo hiyo.

Tuseme basi mmehakikisha, au daktari wa mifugo amehakikisha, kwamba ni viungo. Swali la kwanza la mweka hazina huwa: je, apumzike au afanye kazi? Tunajibu kwamba yote mawili yakizidi yanamwumiza. Akifungwa kwenye mti wiki nzima, viungo vinakauka na misuli inayovishikilia inalegea. Akipelekwa kama zamani, anamaliza gegedu lililobaki. Anachohitaji ni kutembea kila siku, kidogo, kwa utaratibu. Siku asizofanya kazi aachiliwe huru mahali penye nafasi. Kiungo kikiwa na moto na kimevimba, hapo ndipo apumzike siku kadhaa, na mmwagie maji baridi mahali hapo kwa muda wa dakika kumi na tano hivi, mara mbili tatu kwa siku.

Mambo ya kazi yenyewe sasa, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kikundi hupona au huanguka.

Asubuhi asifungwe mzigo moja kwa moja. Atembezwe mtupu dakika kumi au kumi na tano, polepole, mpaka hatua zirefuke. Wale mnaochota maji mna bahati, maana kwenda kisimani mkokoteni ni mtupu. Hiyo safari ya kwanza ndiyo dawa yake, mradi asikimbizwe. Vijana, tunawaomba: mkokoteni mtupu si mashindano. Jioni vilevile, asimamishwe ghafla akiwa na jasho kwenye baridi. Atembee kidogo mtupu, ndipo afunguliwe.

Mzigo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mtungi mmoja ni kilo ishirini. Mitungi ishirini kwenye mkokoteni ni kilo mia nne, na hatujahesabu mbao, ekseli ya gari kuukuu, wala huyo kijana aliyekaa juu mbele akila mahindi. Punda wetu wa kawaida mwenyewe ana kama kilo mia moja na hamsini. Kwenye lami tambarare, matairi yamejaa upepo, wakiwa wawili wazima, watavuta bila kuvunjika. Kwenye matope au mlima ni jambo lingine kabisa. Kwa punda mwenye viungo vibovu ushauri wetu ni kuanza na nusu ya mzigo wake wa zamani, bila mtu juu. Halafu tuangalie.

Tuangalie nini? Asubuhi ya pili. Hiki ndicho kipimo tunachoomba mkishike hata mkisahau mengine. Punda akiwa kazini, damu imechemka, atawadanganya. Kesho yake asubuhi hawezi kudanganya. Akitoka zizini kama alivyotoka jana, au vizuri zaidi, kazi ya jana ilimfaa. Akitoka amekaza kuliko jana, kazi ya jana ilikuwa nyingi. Leo apewe matembezi tu, na kesho mzigo au safari zipunguzwe, hata kwa theluthi moja. Msiulize alifanya kazi gani. Ulizeni ameamkaje. Nunueni daftari moja la shule, kila asubuhi aliyemfungua aandike: tarehe, safari za jana, ametembeaje leo. Maneno matatu yanatosha: vizuri, amekaza, anachechemea. Baada ya mwezi mmoja daftari hilo litamwambia daktari mambo mengi kuliko nusu saa ya sisi kubishana naye.

Sasa tunajua kuna mtu hapa anapiga hesabu kichwani. Na tupige basi pamoja, kwa mfano tu. Tuseme mnauza mtungi shilingi 20. Safari tatu za mitungi ishirini ni shilingi 1,200 kwa siku. Mkipunguza hadi mitungi kumi, mkaongeza safari iwe nne, ni shilingi 800. Mmepoteza mia nne, na mia nne ni unga, ni karo, ni ule mkopo wa kikundi uliobaki. Hatutawaficha kwamba hasara hiyo ipo. Lakini pigeni na hesabu ya pili: ulizeni sokoni bei ya punda mzima leo, gawanyeni kwa hiyo mia nne, mjue ni siku ngapi mtakuwa mmenunua punda mpya kwa pesa mlizozuia kupotea. Na katika siku hizo mkokoteni utakuwa umesimama, na wateja wamehamia kwa mwenye bodaboda.

Kuna kikundi kimoja cha akina mama, tusikitaje, kilichokaa kikao juu ya jambo hili mpaka jua likazama. Nusu walitaka punda mzee auzwe kabla hajashuka thamani. Nusu walikataa. Mwishowe mama mmoja akauliza: huyo atakayemnunua, atamnunua amfanyie nini? Hakukuwa na jibu jema. Walimbakiza wakampa safari fupi za dukani na kanisani, na maji wakampa yule mdogo. Tuliwapenda kwa jinsi walivyofika pale: kila mtu alisema la moyoni, na hesabu ikasomwa mbele ya wote.

Jambo lingine, na hili tunalisema tukijua litawaudhi wachache. Kijana anayelipwa kwa safari atajaza mkokoteni na atakimbia. Si kwamba ana roho mbaya. Ndivyo mlivyompangia chakula chake. Mkitaka punda aende polepole, mlipeni kijana kwa siku, na mumpe neno katika kikao. Yeye ndiye anayemjua huyo mnyama. Mara nyingi tumeona mwenyekiti akitoa amri juu ya punda ambaye hajamshika hata mara moja.

Punda wawili kwenye mkokoteni mmoja wawe wa hatua moja. Torati katika Kumbukumbu la Torati 22 ilikataza kulima kwa ng'ombe na punda pamoja, na mkulima yeyote anaelewa kwa nini: mmoja anavutwa, mwingine anazuiwa, na wote wanaumia. Kumfunga mwenye magoti mabovu na kijana mwenye nguvu ni karibu jambo hilo hilo. Mgonjwa akifanya kazi, afanye na mwenzake wa mwendo wake, au peke yake na mkokoteni mdogo.

Pangeni mzigo juu ya ekseli. Ukizidi mbele, uzito wote unalala mgongoni na kwenye miguu ya mbele. Ukizidi nyuma, miti ya mkokoteni inanyanyuka na mkanda wa tumbo unambana. Mtu mmoja anyanyue miti kwa mkono kabla punda hajafungwa. Iwe nyepesi lakini isiruke juu. Jazeni matairi upepo. Tairi lililolegea ni kama kuongeza mitungi kimya kimya. Pakeni grisi. Na mteremko, ndugu zetu, unaharibu viungo kuliko mlima, hasa vile vya nyuma, kwa sababu mikokoteni yetu haina breki na mzigo wote unamsukuma punda matakoni. Mwekeeni mkanda mpana wa nyuma wa kuzuilia, na watu wawili wazuie mkokoteni kwa kamba. Kona zipigwe kwa upana. Kama kuna njia ndefu ya udongo laini na njia fupi ya mawe, afadhali ndefu.

Kupanda mgongoni. Punda mzima anaweza kubeba mgongoni kama theluthi ya uzito wake, yaani kilo hamsini hivi. Mitungi miwili iko salama. Mitungi minne ni kilo themanini, na mnaiona kila siku barabarani. Mtu mzima wa kilo sabini ni karibu nusu ya punda. Kule Lamu, ambako vichochoro ni vyembamba na punda ndiye gari la mji, shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza lilianzisha hospitali ya punda mwaka 1987. Bila punda mzima hakuna saruji wala maji yatakayofika nyumbani. Kwa punda mwenye ugonjwa wa viungo neno letu ni fupi: mtu mzima asimpande. Mtoto mwepesi, kwa mwendo wa polepole, siku ambayo daftari limeandikwa "vizuri", hapo hatukatai.

Wachache wanaofanya kazi kwenye mashamba yenye farasi, kama upande wa Nanyuki, wametuuliza juu ya wanyama hao. Farasi ni mkubwa na anaweza kupandwa akiwa na ugonjwa huu, daktari akikubali. Lakini kanuni ni ile ile: aanze kwa kutembea taratibu, asikimbizwe kwenye ardhi ngumu, asirushwe vizuizi, asizungushwe kwenye duara dogo, na mpandaji apandie juu ya jiwe au kigogo asije akamvuta upande mmoja. Na kipimo cha asubuhi ya pili kinamfaa naye.

Kwato zitazamwe kila wiki, na zipunguzwe kila baada ya wiki sita hadi nane. Kwa mgonjwa wa viungo kuna tahadhari mbili ambazo fundi wengi huzisahau. Kwanza, msimnyanyue mguu juu sana wala kwa muda mrefu. Mwekeni chini, karibu na ardhi, dakika moja, mwachieni apumue, ndipo mwendelee. Akivuta mguu hafanyi utundu, anaumia. Pili, kama kwato zilikuwa zimerefuka sana, zisikatwe zote siku moja. Viungo vilishazoea ule upotovu, na kunyoosha ghafla kutamlemaza. Punguzeni kidogo kidogo kwa tupa, mara tatu au nne. Na fundi aliyezoea farasi ajue kwamba kwato ya punda husimama wima zaidi. Asiifanye ifanane na ya farasi.

Malazi tutasema kwa ufupi. Manyoya ya punda hayazuii mvua vizuri kama ya farasi, hivyo wakati wa masika na ile baridi ya Julai anahitaji paa na mahali pakavu. Mtandikieni nyasi au mabua makavu mengi, maana asipopata pa kulala vizuri atasimama usiku kucha na asubuhi mtaona. Punda mwembamba hana misuli ya kushikilia viungo. Aliyepunguziwa kazi akapewa pumba kwa ndoo naye atanenepa, na kila kilo inashukia kwenye magoti yale yale. Nyasi kavu, mabua, maji safi, chumvi ya mifugo. Mbavu msizione, lakini mkipapasa mzihisi.

Dawa. Zipo dawa za kutuliza maumivu ambazo daktari wa mifugo anaweza kutoa, kama fenilibutazoni, na zinasaidia kweli. Lakini mwili wa punda huzitoa haraka kuliko mwili wa farasi, kwa hiyo kipimo na saa za kumpa si vya kukisia, na zikizidi zinachubua tumbo na kuharibu figo, hasa kwa mnyama aliyenyimwa maji. Aliyepewa fenilibutazoni nyama yake isiliwe na mtu. Vidonge vyenu vya maumivu vya dukani msimpe. Na msitumie dawa kumrudisha kwenye mzigo mkubwa. Maumivu yakizimwa, gegedu linaendelea kulika bila mtu kujua.

Kumchoma kwa chuma cha moto juu ya kiungo tunakukataza kabisa. Wazee walifanya hivyo kwa nia njema. Hakuponyi, kunaongeza kidonda juu ya ugonjwa. Asidi ya betri na oili chafu ya gari ni vivyo hivyo. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu asubuhi ya baridi, juu ya kiungo kilichokaza ambacho hakina moto, hicho mnaweza. Na ile siku moja ya kupumzika katika juma, kitabu cha Kutoka 23 kilimtaja punda kwa jina kwamba naye apumzike. Wengi wetu hapa tunakwenda kanisani Jumapili tukipita punda wetu njiani akivuta mchanga.

Kuna sheria pia. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inasema kumzidishia mnyama mzigo, au kumtumia akiwa mgonjwa au ameumia hata hafai kazi, ni kosa. Mwenye mnyama anaweza kushtakiwa, naye mwenye mnyama hapa ni kikundi chote.

Tumebakiza lile ambalo hakuna anayependa kulizungumza. Itafika siku, daftari litaandikwa "anachechemea" wiki nzima, hata bila kazi. Atalala chini na kushindwa kuinuka mwenyewe. Ataacha kula, au mguu hautagusa ardhi hata daktari amemtibu. Hapo kazi imekwisha, na kikundi kiwe kimeamua mapema, siku ya amani, nani atamwita daktari na pesa zitatoka wapi, ili mnyama alazwe bila mateso. Wekeni akiba ya punda, hata shilingi kumi kwa kila safari, kwenye kijitabu chake mwenyewe, isichanganywe na ya mazishi wala ya vikombe vya chai. Kumfungulia barabarani ajifie, au kumpa dalali usiku, si njia ya kumwachisha kazi.

Maswali tutayachukua baada ya chai. Wale mliokuja na punda, tumewaona wamefungwa kwenye kivuli nyuma ya kanisa. Wapelekeni kwanza maji. Saa nane afisa wa mifugo atakuwa pale na tupa mbili, na tutaanza na yule wa kijivu mwenye kwato ndefu za mbele. Kijana wake asiondoke, maana tunataka atuambie yeye mwenyewe jinsi punda huyo alivyoamka leo.